Stendi ya tangi la samaki iliyolala kushoto

Simu iliingia saa tatu usiku, Jumapili moja ya mwezi wa nane. Alikuwa shemeji yangu wa Uyole, hapa Mbeya, yule anayefuga samaki sebuleni.

"Shem, tangi linalia."

Nikamuuliza linalia namna gani.

"Linasema tik. Linanyamaza. Zikipita dakika kumi hivi, tik tena. Na naona limelala kidogo upande wa dirishani."

Nilimwambia achukue mpira atoe maji mpaka nusu usiku uleule, asingoje kukuche, na watoto wasisogee mbele ya kile kioo. Alfajiri nikapanda daladala pale Mwanjelwa na begi la vifaa mgongoni: pima maji, timazi ya kupimia wima, futi kamba, nyundo na tochi.

Stendi hiyo niliitengeneza mimi, mwezi wa tatu mwaka huohuo. Naandika kisa hiki kwa kirefu kwa sababu wiki ile kila aliyepita pale sebuleni, mafundi wenzangu wakiwemo, alinipa jibu moja: mbao zilikuwa nyembamba, weka nene. Jibu hilo si kweli. Ningelifuata ningetengeneza stendi nzito zaidi yenye ugonjwa uleule, na safari ya pili pengine tangi lisingelia. Lingepasuka tu.

Mzigo wenyewe

Tangi lina urefu wa sentimita 120, upana 45, kimo 50. Ni kioo cha milimita 10, kimeunganishwa kwa silikoni na fundi vioo wa hapahapa mjini. Kioo cha unene huo kina uzito wa kilo 25 kwa kila mita moja ya mraba, na tangi zima lina mita za mraba 2.2 hivi, kwa hiyo likiwa tupu ni kilo 55. Mchanga kilo 25. Mawe kilo 40, kwa sababu samaki wenyewe ni mbuna, samaki wa miambani wa Ziwa Nyasa, na mbuna bila mawe hana maisha: anakula mwani unaoota juu ya jiwe, analala pangoni, anagombana na mwenzake kwa ajili ya pango hilo. Mawe na mchanga vikishachukua nafasi yao, maji yanabaki lita 200 na kitu, na lita moja ya maji ni kilo moja. Ongeza mfuniko na filta. Unafika kilo 330.

Kilo 330 ni magunia matatu ya mahindi na madebe mawili juu yake. Tofauti na mahindi, mzigo huu haushuki. Kitanda kinabeba watu usiku, mchana kinapumzika. Meza inabeba sahani saa moja. Stendi ya samaki inabeba kilo zilezile mchana na usiku, mwaka hadi mwaka, na mbao inayobebeshwa bila kupumzishwa huendelea kupinda polepole hata kama mzigo hauongezeki. Ikiwa inakauka huku imebeba, inapinda zaidi.

Sasa miguu. Ilikuwa minne, ya inchi mbili kwa nne, na baada ya kukauka nimeipima ina milimita 45 kwa 95. Mguu mfupi wa sentimita 75 wa paini ya namna hiyo, ukikandamizwa wima kufuata nyuzi zake, unabeba zaidi ya tani moja. Mimi niliupa kila mguu kilo 80 na ushee. Hapo ndipo nilipoanza kukataa hoja ya unene. Mguu ulikuwa na nguvu ya kumwagika. Tatizo lilikuwa jinsi mzigo ulivyoufikia.

Vipimo vya asubuhi ile

Nilipofika sikugusa kitu. Mtu akiita fundi, mkono wa fundi unakimbilia nyundo, na ukishagonga msumari mmoja umefuta ushahidi. Nilianza na maji yenyewe, kwa sababu maji yaliyotulia ndani ya tangi ni pima maji isiyodanganya. Nilipima kutoka uso wa maji hadi ukingo wa juu wa kioo kwenye pembe zote nne. Mbele kushoto milimita 251, mbele kulia 260. Nyuma kushoto 252, nyuma kulia 262.

Namba hizo zinasema mambo mawili, na yasichanganywe. La kwanza, upande wa kushoto umeshuka kwa milimita 9 au 10. Linatisha kulitazama, lakini tangi lililoinama lote kwa pamoja haliumii sana. La pili ni dogo na ndilo la hatari. Jumlisha pembe zinazotazamana kwa mshazari: 251 na 262 ni 513, 260 na 252 ni 512. Kama ukingo ungekuwa bapa kabisa, jumla hizo zingelingana. Tofauti ya milimita moja maana yake tangi limejisokota. Kioo hakijui kujisokota. Mbao inasokotwa inavumilia, kioo kinapeleka msukumo wote kwenye silikoni ya pembeni, kisha kwenye ukingo wake chenyewe, na ukingo wa kioo wenye kovu dogo la kukatia ndipo ufa unapoanzia.

Nikapitisha kadi ya benki chini ya tangi, pembe kwa pembe. Mbele kushoto haikuingia. Mbele kulia, haikuingia. Nyuma kushoto, haikuingia. Nyuma kulia nilikuta kipande cha boksi kimekunjwa mara tatu kimesukumwa chini ya kioo.

"Nani aliweka hiki?"

"Mimi, Shem," shemeji akasema. "Niliona mwanga unapita, nikaona bora paegemee kitu."

Nilimwelewa, maana kila mtu angefanya hivyo. Lakini kabari inakaa chini ya miguu ya stendi, haikai kamwe kati ya stendi na kioo. Kile kipande cha boksi kilikuwa kinakusanya mzigo wa pembe nzima kwenye eneo la ukubwa wa kiganja cha mtoto.

Kwenye kiungo cha chini, nyuma kushoto, palikuwa na mstari mweupe mwembamba kama uzi wa chaki. Nikaupangusa kwa kidole, nikaonja: chokaa. Shemeji anaweka mawe ya chokaa ya Songwe kwenye filta ili maji yawe magumu kama mbuna wanavyoyataka, kwa hiyo tone la maji yake likikauka linaacha alama. Mdogo wangu, mke wa shemeji, akaniambia kuwa kwa wiki mbili amekuwa akipangusa unyevu pale kila asubuhi, akidhani ni maji yanayomwagika wakati wa kubadilisha. Alikuwa ametundika kitambaa cha bluu kwenye msumari mgongoni mwa stendi kwa kazi hiyohiyo.

Mwisho nikashusha timazi kutoka pembe ya juu ya stendi. Ndani ya kimo cha sentimita 75, sehemu ya juu ilikuwa imesogea milimita 14 kuelekea kushoto. Stendi ilikuwa inalala kama boksi la kiberiti tupu unalolibonyeza kwa kidole.

Mbao ilikuwa bado mti

Tulihamisha mbuna kwenye pipa la plastiki lenye pampu ya hewa, tukamaliza maji, tukashusha tangi watu wanne. Ndipo nikaifungua stendi.

Mzee wake shemeji alikuwepo. Ni mtu aliyepasua mbao Mufindi miaka mingi, enzi za misumeno ya shimoni na baadaye mashineni, jirani na Sao Hill, shamba la miti kubwa kuliko yote nchini. Nilimwamkia, akaitika, akaomba kipande. Nikampa fremu ya mbele, ile mbao ya juu inayolala kutoka mguu hadi mguu. Hakuangalia unene. Alitazama tundu la msumari.

"Mwanangu, hapa ulijengea mti. Ulikuwa haujawa mbao bado."

Ni kweli. Mwezi wa tatu Mbeya ni masika. Nilinunua paini asubuhi, imelala uwanjani pasipo paa, mvua ya usiku ikichuruzika juu yake, na jioni nikaipigilia. Nilikuwa na haraka kwa sababu tangi lilikuwa tayari limeletwa na watoto wanauliza samaki wanakuja lini. Daftari langu la Machi linasema fremu ilikuwa na kimo cha milimita 98. Asubuhi ile ya Agosti nilipima 94 na nusu.

Hapa ndipo kisa chote kilipo, kwa hiyo naomba msomaji avumilie. Mbao ikikauka inasinyaa kwa upana na kwa unene, lakini kwa urefu haisinyai kwa kiasi cha maana. Mguu umesimama, nyuzi zake zinaelekea juu, kwa hiyo kimo chake hakibadiliki. Fremu imelala, nyuzi zinaelekea kushoto na kulia, kwa hiyo kimo chake ndicho kinachosinyaa. Mimi nilipigilia fremu ubavuni mwa miguu, misumari ikipita katikati ya fremu, na juu nikapiga randa mpaka ncha ya mguu na mgongo wa fremu vikawa sawasawa. Nilijisifu kwa jinsi mkono ulivyokuwa ukiteleza juu yake bila kukwama.

Fremu ilipopungua milimita 3 na nusu, nusu ya upungufu huo ilitokea juu ya misumari. Mgongo wa fremu ukashuka karibu milimita 2 chini ya ncha za miguu. Ubao wa plaiwudi uliobeba tangi, ambao ulipaswa kulalia fremu pande zote nne, ukabaki umesimama juu ya vichwa vinne vya miguu kama meza iliyopinduliwa. Na vichwa hivyo havikuwa sawa: mguu wa nyuma kulia nilikuwa nimeukata mfupi kwa milimita 2, kosa ambalo randa ililificha siku ile. Kwa hiyo vikabaki vichwa vitatu. Nilichukua kadi mbili za benki nikazishika pamoja, nikazipitisha kati ya mgongo wa fremu na usawa wa miguu. Zikapita kuanzia mwanzo hadi mwisho, bila kugusa.

Ndio maana nasema unene si hoja. Ningeweka fremu ya mbili kwa sita ikiwa mbichi vilevile, ingesinyaa zaidi, kwa sababu upana mkubwa unasinyaa kwa milimita nyingi zaidi. Pengo lingekuwa kubwa kuliko lile.

Na ile tik? Msumari unaopigwa kwenye mbao mbichi unashikwa vizuri siku ya kwanza. Mbao ikikauka inauachia, tundu linalegea, na nguvu ya kushika inapungua sana. Niling'oa mmoja kwa vidole, bila kucha ya nyundo. Ulikuwa na kutu shingoni, pale mbao mbili zinapokutana, na umepinda kidogo kama herufi S. Kila tik ilikuwa msumari mmoja ukiteleza hatua nyingine ndani ya tundu lake. Mgongoni na ubavuni nilikuwa sijaweka ubao, niliacha wazi ili mabomba yapite. Fremu ya pembe nne iliyoshikwa na misumari tu haina kinachoizuia kulala. Pembetatu haiwezi kulala bila kuvunjika, na ubao mzima uliopigiliwa mgongoni ni pembetatu nyingi kwa pamoja. Nilikuwa nimeinyima stendi kitu kimoja ambacho kingeishikilia isimame wima.

Milimita zile 9 za kuinama zilikuwa na sababu ya kijinga kuliko zote. Sakafu ya sementi ina bonde upande wa dirishani. Nililijaza kwa vipande vya hadibodi chini ya miguu ya kushoto. Maji ya kubadilisha yalimwagika, hadibodi ikaloa, ikavimba, ikasagika kama ugali.

Wiki tisa za kungoja

Nilitaka kutengeneza nyingine wiki ileile, kwa aibu. Mzee akanizuia. Tulikwenda naye kununua mbao na akanifundisha kuchagua kwa macho. Kwenye ncha ya mbao tazama pete za ukuaji: ukiona kiini, ile nukta ya katikati ya mti, iache hiyo mbao, maana itajisokota. Paini nyingi siku hizi inatoka kwenye mashamba ya watu binafsi na inakatwa ikiwa changa, kwa hiyo vipande vyenye kiini ni vingi. Kisha weka mbao shavuni. Iliyokauka inakuwa vuguvugu kama ukuta wa ndani. Mbichi inakupa baridi. Nilijaribu kumi na kitu. Zote zilikuwa baridi.

Hakuna uchawi wa kukausha. Tulizipanga chini ya paa la karakana, kila safu ikitenganishwa na nyingine kwa papi, vile vipande vyembamba vya mbao, mbali na jua la moja kwa moja lisije likazipasua ncha, na mawe mazito juu yake zisipinde. Mbeya kuanzia mwezi wa nane hadi wa kumi hewa ni kavu na upepo upo, msimu mzuri kwa kazi hiyo. Kila Jumamosi nilibeba mbao moja, ileile, mpaka kwenye mizani ya duka la mahindi la jirani. Mbili kwa nne ya futi 12 ilianza na kilo 11.6. Wiki ya nne ilikuwa 9. Wiki ya saba 7.8, ya nane 7.7, ya tisa 7.7. Uzito ulipoacha kushuka nikajua imeshamaliza kutoa ilichonacho. Karibu lita nne za maji zilitoka kwenye mbao moja. Katika mbao kumi tulizokausha, tatu zilijisokota nikazitoa.

Sikuchukua mbao ya dawa, ile yenye rangi ya kijani. Ndani ya nyumba, pakavu, haihitajiki, na vumbi lake la msumeno lina sumu. Vipande vyake visiende jikoni kuwa kuni. Mchwa nimewazuia kwa njia nyingine, nitaisema.

Wakati huo fundi vioo alikwangua silikoni yote ya ndani, si ile sehemu iliyovuja peke yake, kwa sababu silikoni mpya haishiki vizuri juu ya ya zamani. Tangi likakaa tupu siku nane, kisha likawekwa sakafuni juu ya plaiwudi na sponji, mbuna wakarudi ndani. Watoto walipenda mno. Walikuwa wanalala kifudifudi, uso kwa uso na samaki, wakifanya kazi za shule hukohuko chini. Usiku baridi ya sakafu ilikuwa inapita; hita ilifanya kazi kubwa kuushikilia ujoto kwenye nyuzi 25, na umeme ukikatika walifunika tangi kwa blanketi.

Stendi ya pili

Fremu ndefu za juu, mbele na nyuma, nilitumia mbili kwa sita zilizosimama kwa ubavu. Hapa unene niliuongeza, lakini kwa sababu yake mahususi. Ugumu wa mbao inayobeba kama daraja unafuata kimo chake kwa kipeo cha tatu: kimo kikiwa maradufu, ugumu ni mara nane. Kwa hesabu yangu mbili kwa nne iliyosimama ingepinda milimita 1 na kidogo katikati ya tangi hili, mbili kwa sita theluthi ya milimita hivi, na mbili kwa nne ileile ikilazwa bapa, kama nilivyoona kwenye stendi nyingi mitaani, zaidi ya milimita 5. Mbao ni moja, tofauti ni jinsi ulivyoigeuza.

Miguu niliijenga kwa vipande viwili vilivyogundishwa pamoja. Kipande cha ndani ni kifupi, na fremu inakikalia juu, mbao juu ya mbao. Kipande cha nje kinapanda ubavuni mwa fremu kuishika isipinduke, lakini nimekikata milimita 10 chini ya mgongo wa fremu. Milimita hizo 10 ndizo nilizozifikiria kuliko kitu kingine chochote katika kazi hii. Hata fremu ikisinyaa tena kidogo, hakuna kichwa cha mguu kitakachochomoza na kuusukuma ubao. Fremu itashuka yote pamoja, na tangi litashuka nayo.

Vipande vifupi nilivikata vyote vinne kwa mpigo mmoja. Nilivibana pamoja, nikapiga mstari mmoja, msumeno ukapita mara moja. Baada ya kuunga nikavisimamisha juu ya kioo cha meza na kuvipitishia rula juu. Hapakuwa na mwanga.

Skrubu za inchi tatu zimechukua nafasi ya misumari, kila tundu likitobolewa kwanza ili mbao isipasuke. Lakini ukichomoa skrubu zote leo, mzigo hautadondoka, kwa sababu hakuna skrubu inayoubeba. Kazi yake ni kuzuia vitu visisogee. Nilimwonyesha shemeji kabla ya kuzifunga: niliipanga stendi nzima bila skrubu hata moja na nikakaa juu yake.

Mgongoni na ubavu wote wa kulia na wa kushoto, plaiwudi ya milimita 12, imefungwa kwa gundi na skrubu kila baada ya sentimita 15. Matundu mawili ya mabomba nimeyatoboa duara, katikati ya ubao, mbali na pembe. Watu walishangaa ubao wa nini wakati ukutani hapaonekani. Nawakumbusha kwamba sisi tumekaa juu ya bonde la ufa. Desemba 2009 ardhi ilipotikisika Karonga, Malawi, ng'ambo tu ya Kyela, tetemeko kubwa lilifika 6.0. Na hata bila tetemeko, mtoto anaegemea, mtu anasukuma mlango wa kabati kwa goti, maji ndani yanayumba na kurudi. Misukumo hiyo yote inatoka pembeni, na mguu hata uwe mnene vipi hauna jibu nayo.

Juu ya fremu, plaiwudi ya milimita 18, na juu yake sponji nyeupe ngumu ya milimita 10, ile inayokuja ndani ya maboksi ya televisheni, niliipata kipande kizima. Tangi lenye kitako cha kioo kitupu linahitaji kulala juu ya kitu kinachokubali chembe ya mchanga au kichwa cha skrubu kisichoonekana. Vanishi mikono mitatu, minne kwenye ncha za mbao ambako maji huingia kwa kasi.

Kuhusu sakafu: bonde la dirishani nilipima lina milimita 8. Nilitengeneza kabari za mninga, mbao ngumu isiyonyonya maji kirahisi, nikaziingiza chini ya miguu ya kushoto mpaka pima maji ikakubali kwa urefu, kwa upana na kwa mshazari. Chini ya kila mguu kuna kipande cha marumaru ya sakafuni, ili mbao isiguse maji yanayomwagika na mchwa wakija waonekane kabla ya kupanda.

Kujaza kulichukua siku mbili. Robo ya kwanza, tukapima pembe nne, tukaacha saa tatu. Tukapanga mawe, yakikaa moja kwa moja juu ya kipande cha plastiki kwenye kitako na mchanga ukimwagwa baadaye kuyazunguka, kwa sababu mbuna wanachimba, na jiwe lililokaa juu ya mchanga linaangukia kioo. Nusu, tukapima. Tukalala. Asubuhi robo tatu, tukapima, kisha tukajaza. Nilichokuwa natafuta ni jumla za mshazari. Zililingana kila mara.

Nilipita Uyole mwezi uliopita, miezi kumi baadaye, masika yote yakiwa yamepita juu ya stendi hiyo. Kutoka uso wa maji hadi ukingoni: 36, 36, 37, 37, mbele na nyuma. Kadi haikuingia kwenye pembe yoyote. Timazi ilishuka ikagusa alama yake. Fremu ya mbele, nikivuta uzi kutoka mguu hadi mguu, imepinda nusu milimita katikati. Nimeiandika kwenye daftari pamoja na tarehe, na nitaivutia uzi tena baada ya mwaka. Mzee alikuwa ameketi kwenye kiti chake mbele ya tangi. Mdogo wangu alikuwa anapangusa meza kwa kile kitambaa cha bluu.